Vigae

Nauza ndoo Newala, sokoni, safu ya pili,
nyekundu, kijani, za lita kumi, za ishirini,
na sifichi: ndoo ndizo zilizowatoa wafinyanzi sokoni.
Lakini mama yangu hanywi maji ya ndoo.
"Yananuka duka," husema, na kikombe anakisukuma.

Msimu wa mnada, nikipanga mzigo mpya chumbani kwake,
nilisogeza mtungi wake kwa goti.
Kwa goti tu.
Maji yakaniloweka hadi soksi,
na mama, kitandani, hakuuliza nini kimevunjika.
Aliuliza: "Vigae umeviweka wapi?"

Jumatatu nikateremka Kitangari kwa pikipiki, breki zikilia,
hadi kwa akina Nantembo, nyumba tatu, uwanja mmoja,
na kibanda cha nyasi kisicho na ukuta.
Nilitarajia gurudumu.
Hakuna. Bi Somoe ndiye gurudumu:
ameinama kama bawaba,
anatembea kinyumenyume akikizunguka chungu,
kiganja ndani, gunzi nje,
mzunguko wa kumi, wa ishirini,
nyayo zake zimechimba mfereji wa duara
ambamo kuku hulala wakijitifulia vumbi.

Binti yake, Lukia, alikuwa akiponda udongo
huku akihesabu kwa sauti michango ya kikoba.
Mjukuu, Chande, wa miaka tisa, anang'arisha kwa kokoto
aliyoirithi kwa bibi wa bibi yake,
imelika upande mmoja, ina shimo la kidole gumba
kisichomwenea mtu yeyote aliye hai.

Hapo ndipo nilipoiona.
Nyuma ya nguzo, imejaa udongo uliolowekwa,
ndoo ya kijani, mpini wa waya,
ufa umeshonwa kwa uzi wa nailoni,
na ubavuni, kwa kalamu yangu, bei yangu.
Nikatazama kuku.
"Ilidumu masika moja," alisema Bi Somoe bila kusimama.
"Kwa udongo lakini, inafaa."
Lukia akacheka hadi akapoteza hesabu.

Nikaeleza ninachotaka: mtungi, shingo fupi,
wa kukaa juu ya mchanga, kona ya chumba.
Nikataja pesa kabla sijaulizwa, kubwa kuliko inavyostahili.
Akanyoosha mkono.
"Vigae kwanza."

Nilikuwa navyo. Mama alihakikisha.
Nilivileta, Mungu anisamehe, ndani ya ndoo mpya,
stika yake bado inang'aa.
Akavichambua kama mchele,
akafika kwenye kimoja, akakaa nacho,
akapitisha kidole juu ya mistari.
"Huu ni mkono wa mama yangu.
Hapa, chini ya shingo, mstari unapanda.
Alikuwa anakosea hapa. Maisha yake yote, hapahapa."
Kisha akavitupa vyote kinuni, na hicho pia.

Nilifungua mdomo kusema subiri.
Mchi ulishashuka.
"Udongo mtupu hupasuka motoni," alisema Lukia, akitwanga.
"Lazima uuchanganye na kilichokwisha kuungua."
Unga mwekundu ukaturukia wote, kope, nywele,
Chande akapiga chafya tatu.
"Wiki tatu," alisema Bi Somoe. "Jua likitusikia."

Jua lilisikia wiki ya tano.
Nimeupakata mtungi mlima mzima,
dereva wa kukodi akiniendesha kama mzazi aliyetoka wodini.

Macho ya mama siku hizi yanaona mwanga tu.
Nikamwekea mkono juu ya shingo ya mtungi.
Vidole vikashuka, vikazunguka taratibu,
vikafika mahali, vikarudi, vikafika tena.
Mstari unapanda.
Hakusema kitu. Aliomba maji,
nikamwambia asubiri, bado haujalowekwa usiku kucha,
akanijibu kwamba hilo alilijua kabla sijazaliwa.

Ile ndoo mpya niliiacha Kitangari.
Hawakuiomba, hawakuikataa.
Chande alibandua stika akaibandika kwenye paji la uso.
Leo nimeuza kumi na moja.